Ufahamu wa Kiingereza Unakwama Wapi? Dalili, Sababu na Marekebisho kwa Kidato cha Tatu Hadi cha Sita

Mwanafunzi wa Kigoma au Tabora akilalamika kwamba ufahamu wa Kiingereza unamshinda, ushauri anaopewa karibu kila mara ni uleule: soma sana, kariri maneno. Wapo unaowafaa. Kwa wengi, hata hivyo, ni sawa na kumpa kila mwenye homa dawa ya malaria bila kumpima. Mwenye msamiati mdogo ana shida yake, anayejua maneno lakini akapotea ndani ya sentensi ndefu ana yake, na anayeelewa kila kitu kisha akajibu swali ambalo hakuulizwa ana yake pia. Huyu wa mwisho ukimwongezea maneno mia tano ya kukariri, umempotezea mwezi mzima.

Jipime kwanza

Anza na Kiswahili. Chukua gazeti, tafuta habari ya maneno kama 300 ambayo hujawahi kuisoma, isome mara moja tu, ifunike, kisha mweleze mwenzako mambo manne yaliyomo. Ukishindwa, Kiingereza hakina kosa. Shida iko kwenye usomaji wenyewe, uchovu au macho, na mambo hayo yako mwishoni mwa mwongozo huu.

Ukifaulu, chukua kifungu cha Kiingereza na uhesabu maneno 100 ya mwanzo. Kila neno usilolijua, liwekee nukta kwa penseli. Nukta mbili au pungufu: hicho unaweza kukisoma peke yako. Tatu hadi tano: hapo ndipo pa mazoezi. Sita hadi kumi: kisome ukiwa na mwalimu au mwenzako anayekuzidi. Zaidi ya hapo kiache, kwa sababu kitakufundisha kubahatisha tu. Tafiti za usomaji wa lugha ya pili zimeonyesha kwamba ili mtu aelewe andiko bila msaada, inafaa awe anajua takribani maneno 98 katika kila 100. Basi anayejifunzia kwenye vifungu vyenye nukta ishirini asishangae kuchoka.

Kipimo cha tatu ni daftari la makosa. Fanya vifungu vitatu, sahihisha, na mbele ya kila jibu ulilokosa andika herufi moja: M kama neno lilikushinda, S kama sentensi ilikupoteza, W kama hukuelewa swali, J kama ulijua jibu ila uliliandika vibaya. Jumlisha. Herufi iliyozidi ndiyo itakayokuambia uanze na dalili ipi hapa chini.

Dalili: "Nafika mwisho sikumbuki nilichosoma"

Sababu ya kwanza, na ndiyo ya wengi, ni kutafsiri neno baada ya neno. Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali amesoma masomo yake kwa Kiswahili kwa miaka yote hiyo, halafu Kidato cha Kwanza kila kitu kikageuka Kiingereza ghafla, kwa hiyo tabia hiyo si ya kulaumiwa. Lakini akili haina nafasi ya kubeba maneno kumi na tano yaliyotafsiriwa moja moja huku ikisubiri nukta. Ukifika neno la tisa, la kwanza limeshadondoka.

Dawa yake ni kusoma kwa mafungu. Chora mstari mdogo wa mshazari kila wazo linapokamilika: "The boat / that carried the traders from Kalemie / reached Kigoma / before the rain." Mafungu manne, na kila moja linaingia kichwani kama kitu kimoja. Fanya hivyo kwa penseli wiki mbili, vifungu vitatu kwa wiki. Wiki ya tatu acha penseli, macho yafanye kazi hiyo yenyewe. Kila aya ikiisha, andika pembeni maneno matatu au manne ya kukukumbusha inahusu nini. Andika kwa Kiswahili ikibidi. Walimu wengine hawapendi kuona hivyo, lakini maandishi ya pembeni ni yako. Kinachotakiwa kuwa Kiingereza ni jibu.

Kama mafungu hayasaidii, angalia midomo. Weka kidole juu ya midomo unaposoma. Ikicheza, unasoma kwa kasi ya kuongea na nusu ya akili inashughulika na matamshi. Hapo pia ndipo wanaochanganya "l" na "r" wanapoteleza bila kujua: wanasoma "crowd" kichwani wanasikia "cloud", wanasoma "collect" wanapata "correct", na aya nzima inageuka ya hali ya hewa.

Sababu ya tatu ni saa. Ufahamu unaofanywa mwisho wa prepo, yaani kipindi cha kujisomea usiku, baada ya hesabu na fizikia, haupimi Kiingereza, unapima usingizi. Uhamishie asubuhi kabla ya vipindi, dakika 25 tu, siku nne kwa wiki.

Dalili: "Maneno magumu yananikwamisha"

Kabla ya kukimbilia kamusi, jiulize kama neno hilo linahitajika. Soma sentensi ukiliruka. Kama bado unajua nani kafanya nini, songa mbele. Kwenye kifungu cha maneno 400, maneno magumu yanayogusa jibu la swali huwa machache mno.

Likihitajika, tazama kwanza liko kwenye nafasi gani: ni kitendo, ni jina, au linaeleza sifa? Kisha soma sentensi inayofuata, maana mara nyingi mwandishi hulifafanua palepale. Kamusi iwe ya mwisho.

Maneno mageni hayadanganyi, kwa sababu unajua huyajui. Hatari zaidi ni yale unayodhani unayajua. "Hardly" ndilo linaloongoza kwa kuangusha watu. "He hardly worked" haina maana kwamba alifanya kazi kwa bidii, ina maana kwamba karibu hakufanya kazi kabisa. "Few" na "a few" nayo ni hivyo hivyo. "Few beekeepers hang their hives near the road" inasema warina asali wanaotundika mizinga karibu na barabara karibu hawapo, ni wa kuhesabu. Ukiweka "a" mbele, maana inageuka: wapo wachache wanaofanya hivyo. Herufi moja, na jibu la kweli au si kweli limebadilika. "Little" na "a little" zinafuata njia hiyohiyo.

Kundi jingine la wadanganyifu ni maneno tuliyoyachukua tukayapa maana zetu. Hoteli kwetu ni mahali pa kula wali na migebuka, "hotel" kwenye kifungu ni mahali pa kulala. Mashine ni ya kusaga, "machine" ni mtambo wowote. Sista ni mtawa, "sister" ni dada au mdogo wako wa kike. "Uncle" ndiye mgumu zaidi, kwa kuwa Kiingereza hakitofautishi mjomba, baba mkubwa na baba mdogo. Ukiamua tu kwamba ni mjomba, unaweza kumweka kwenye ukoo wa mama wakati kifungu kinasema ni wa upande wa baba.

Halafu kuna vitendo vya maneno mawili: "put off", "give up", "look into", "turn down". Usivitafsiri vipande vipande. "Turn down" ya ombi ni kulikataa, haihusu kugeuza chochote wala kushuka popote. Vitengee ukurasa wake, vitano kwa wiki, kila kimoja kikiwa ndani ya sentensi kamili uliyoitoa kwenye kifungu. Orodha tupu za maneno zinasahaulika kabla Jumapili haijafika.

Dalili: "Maneno yote nayajua, sentensi siielewi"

Sababu kubwa ni kitendo kikuu kupotea katikati ya maelezo. Kwenye "The old man whose nets the traders from Ujiji had bought refused the money", vitendo viko viwili, "had bought" na "refused". Nani alikataa? Funika kwa kidole kila kitu kuanzia "whose" hadi "bought", kinabaki "The old man refused the money." Zoezi la kufunika namna hii, sentensi tano kwa siku, hurekebisha tatizo hili kuliko sarufi ya kukariri.

Ya pili ni kitendo cha kutendwa. "The goats were followed by the children." Nani yuko mbele? Mbuzi. Wanaosoma kwa haraka wanaona "goats... followed... children" wanawatanguliza watoto. Ukiona "was" au "were" pamoja na "by", geuza sentensi kichwani kabla hujaendelea.

Ya tatu ni viwakilishi. Kiswahili hakina tofauti ya "he" na "she", Kiha hakina, Kinyamwezi hakina. Jicho letu kwa hiyo linaipita tofauti hiyo kama haipo, ilhali Kiingereza kinaitegemea kuonyesha nani anazungumziwa. Kwenye kifungu chenye watu wawili au zaidi, zungushia duara kila "he", "she", "it", "they", "this" na "which", kisha chora mshale hadi kwa mwenyewe.

Tazama kifungu hiki kifupi, kimetungwa kwa ajili ya mazoezi:

"The fishermen of Kibirizi rarely go out when the moon is full. Their lamps, which draw the dagaa to the surface on dark nights, are of little use then. Some boat owners spend those days mending nets. Others send their crews home to their farms, although this means that a few men do not return."

"Which" ni taa. "Then" ni wakati wa mbalamwezi, na wengi hukosea hapa kwa sababu maneno yaliyo karibu nalo zaidi ni "dark nights". Kiwakilishi hakimfuati jirani, kinafuata maana. "This" si neno moja, ni tendo zima la kuwatuma wavuvi nyumbani. "Of little use" haina "a", kwa hiyo taa karibu hazifai kitu. "A few men" ina "a", kwa hiyo wasiorudi wapo kweli. Na "although" inakutahadharisha kwamba kinachofuata ni hasara ya uamuzi huo. Sentensi nne tu, na humo mna mitego sita.

Dalili: "Nimeelewa vizuri, alama sipati"

Hapa ndipo zinapopotea alama nyingi za wanafunzi wazuri, na inaudhi, kwa sababu kazi ngumu ya kuelewa walishaimaliza. Turudi Kibirizi.

Swali: "Why are the lamps of little use when the moon is full?" Mwanafunzi wa kwanza ananakili sentensi nzima ya pili. Jibu halimo humo. Sentensi hiyo inasema taa hazifai, haisemi kwa nini. Kunakili ni kumwachia msahihishaji akuchagulie jibu, na hana wajibu huo. Wa pili ni mtoto wa mvuvi, anaandika kwamba dagaa wanauona wavu. Huenda nyumbani wanasema hivyo, lakini kifungu hakisemi. Ukiulizwa "according to the passage", elimu ya ufukweni iache ufukweni. Wa tatu anaunganisha vitu viwili vilivyomo: taa huvuta dagaa usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu hakuna giza. Anaandika: "Because the nights are not dark then, so the lamps do not attract the dagaa." Huyo amepata, ingawa jibu lingekuwa safi zaidi kama "so" ingefutwa na "and" kuwekwa mahali pake.

Swali jingine: "All the boat owners mend nets when the moon is full. True or false?" Neno la kuzungushia duara ni "all". Kifungu kimesema "some". Si kweli. Kila swali la namna hii likiwa na "all", "only", "always", "never" au "every", rudi kwenye kifungu hata kama una uhakika.

Mambo mengine ya kukagua, kuanzia yanayotokea zaidi: umeulizwa mambo mawili ukatoa manne, huku la kwanza likiwa limekosewa; swali liko kwenye wakati uliopita, jibu lako liko kwenye uliopo; umeulizwa "how" ukajibu "why"; umeambiwa utumie maneno yako mwenyewe ukabadilisha neno moja tu. Kwa hilo la mwisho kuna njia rahisi: soma sehemu yenye jibu, funika kifungu, ndipo uandike. Mkono usioona maandishi hauwezi kunakili.

Swali la maana ya neno nalo lina kanuni yake. Neno ulilotoa lichomeke ndani ya sentensi ya kifungu. "Draw" hapa ni "attract". Anayeandika "make a picture" ametoa maana sahihi ya kamusi na jibu lisilo sahihi. Angalia pia umbo: kama neno la kifungu ni "mending", jibu liwe "repairing", lisiwe "repair".

Dalili: "Kichwa cha habari nakosa kila mara"

Sababu karibu kila mara ni moja: umechukua sentensi ya kwanza. Rudi kwenye yale maneno ya pembeni uliyoandika kila aya. Kichwa kinachofaa ni kile kinachogusa aya zote. Kikigusa moja ni chembamba, na kikigusa mambo ambayo hayamo ni kipana. Kwa kifungu chetu, "Fishing" ni kipana, "Mending Nets" ni chembamba, "Fishermen and the Full Moon" kinatosha.

Ufupisho unarekebishwa kwa njia hiyohiyo ya pembeni. Ukipewa kikomo cha maneno 70, andika rasimu yenye maneno kumi kwa kila mstari. Mistari saba ikiisha, umefika, na hutapoteza dakika tatu kuhesabu kwa kidole. Mifano, majina na tarakimu ndivyo vya kwanza kutupwa.

Dalili: "Muda hautoshi"

Pima kasi yako. Soma kimya kifungu cha maneno 400 ukitazama saa. Kikichukua zaidi ya dakika tano, yaani chini ya maneno 80 kwa dakika, bado unatafsiri, na tiba yake ni ile ya mafungu. Ukiwa kati ya maneno 100 na 150, kasi inatosha na muda unapotelea kwingine, kwa kawaida kwenye swali moja gumu uliloling'ang'ania.

Kwa dakika 30 za kifungu kimoja, gawa hivi: dakika mbili kupitia maswali, sita kusoma, kumi na tano kujibu, saba kurudia uliyoyaruka na kukagua nyakati za vitendo. Kuna wanaosisitiza kifungu kisomwe kabla ya maswali. Kwa aliyezoea kusoma vitabu, sawa. Kwa wengine, maswali kwanza, ila mara moja tu na bila kuanza kuwinda majibu, maana anayewinda huishia kusoma nusu ya kifungu.

Dalili: "Nafanya mazoezi mengi, alama ziko palepale"

Angalia majibu unayosahihishia yametoka wapi. Majibu yanayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp mara nyingi hayana mwenyewe, na mengine ni makosa matupu. Baraza la Mitihani, NECTA, huweka bure kwenye tovuti yake taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo. Humo mna sampuli za majibu mazuri na mabaya yaliyoandikwa kwa mkono na watahiniwa wenyewe, pamoja na maelezo ya kilichowakosesha alama. Pakua faili la Kiingereza la mwaka mmoja mahali penye intaneti, lisome bila bando. Linakusaidia kuliko mitihani kumi isiyo na majibu.

Sababu ya pili ni programu ya kutafsiri kwenye simu. Ukiitumia kabla ya kujibu, umefanya ufahamu wa Kiswahili. Iache hadi umeshasahihisha.

Ya tatu ni kurudia vifungu vilevile hadi umekariri majibu. Ya nne ni kutosoma kitu kingine chochote cha Kiingereza nje ya mitihani. Azima maktaba ya shule au ya mkoa vitabu vya hadithi vyenye nukta mbili kwa maneno 100, kurasa kumi kwa siku. Vitaonekana vyepesi mno kwa Kidato cha Nne. Chukua hivyohivyo.

Wiki sita zikipita na daftari la makosa linaonyesha herufi ileile imetawala, acha kujitibu. Mpelekee mwalimu wa Kiingereza daftari lenyewe, usiende na malalamiko matupu. Akiona W kumi na mbili na M mbili, atajua cha kukufundisha ndani ya dakika tano.

Dalili: herufi zinachezacheza, kichwa kinauma, au Kiswahili nacho kinashinda

Kwanza mwanga: taa itoke nyuma au pembeni mwa bega, isikupige usoni, na kitabu kiwe umbali wa kama sentimita 40. Kisha funika jicho moja usome mistari mitatu, badilisha jicho. Kama moja linaona ukungu, au herufi zinakuwa mbili, au kichwa kinauma kila usomapo zaidi ya dakika kumi na tano, simamisha mazoezi ya usiku na uende kupimwa. Ulizia kitengo cha macho kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni kwa Kigoma, Kitete kwa Tabora. Usinunue miwani ya kujaribujaribu sokoni. Na jicho linalouma, jekundu, au lililopoteza uoni ghafla halisubiri wikiendi.

Macho yakiwa mazima lakini bado unasoma polepole mno kwa lugha zote mbili, unageuza herufi, na neno lilelile unaliandika kwa namna tatu ndani ya ukurasa mmoja, inaweza kuwa disleksia. Si uvivu wala upungufu wa akili, na haiondolewi kwa viboko au kwa kuongezewa vifungu. Mzazi na mwalimu wa taaluma waulizie mwalimu wa elimu maalumu kupitia ofisi ya elimu sekondari ya halmashauri. Waulize mapema, kabla ya usajili wa mtihani: NECTA huandaa karatasi za maandishi makubwa kwa wenye uoni hafifu, lakini shule ndiyo inayotakiwa kutoa taarifa, na mwezi wa mtihani umeshachelewa.